Maarifa ya meza ya fundi yasiachwe yapotee

Neno "fundi" na neno "mwanafunzi" ni ndugu wa toka nitoke. Yote mawili yamechipuka katika mzizi mmoja wa Kibantu, mzizi uo huo uliotupa funza, fundisha na mafunzo. Waliotuachia lugha hii hawakuona sababu ya kumtenga ajuaye kazi kwa mikono na yule ajifunzaye darasani. Waliwapa jina la ukoo mmoja. Utengano tumeuleta sisi wa baadaye. Katika fikira za wengi wetu leo, mwanafunzi ni yule aliyeshika kitabu, na fundi ni yule aliyekikosa.

Kazi yangu ni kufundisha isimu, na riziki yangu imo katika maneno. Kwa miaka kadhaa nimekuwa na mazoea ya kupita katika vibanda vya mafundi wa redio, televisheni na simu mjini Machakos, na pia katika masoko ya Tala, Masii na Wamunyu, ili kusikiliza jinsi wanavyoziita zana zao na kazi zao. Lakini aghalabu masikio yangu huzidiwa na macho. Juu ya meza ya fundi mwenye uzoefu ni nadra kuona kifaa kinachofanya kazi aliyoikusudia mtengenezaji wake. Karibu kila kilichopo kilikuwa kitu kingine kabla ya kufika hapo, kikatupwa, kikaokotwa, kikapewa kazi mpya na mtu aliyeketi akafikiri.

Tuchukue mfano wa chombo cha kutolea umeme wa majaribio, ambacho hakuna fundi wa elektroniki awezaye kufanya kazi bila ya kuwa nacho. Kile cha dukani ni ghali mno kwa mtu anayelipwa redio moja moja. Badala yake fundi hutafuta kisanduku cha umeme kilichong'olewa katika kompyuta ya mezani iliyokwisha kufa. Kisanduku hicho hakiwaki kwa kuchomekwa ukutani tu. Husubiri amri ya kompyuta. Fundi anajua kwamba amri hiyo hupitia waya wa kijani, na kwamba waya huo ukiunganishwa na mmojawapo wa nyaya nyeusi, kisanduku huamka. Kuanzia hapo waya wa manjano humpa volti 12, mwekundu volti 5, na ule wa rangi ya chungwa volti 3.3. Visanduku vingine hukataa kutulia mpaka vibebe mzigo kidogo. Dawa yake ni rezista ya omu 10, yenye kustahimili wati 10, iliyofungwa kati ya waya mwekundu na mweusi. Mtu huyo hakuandikiwa haya mahali popote. Aliyapokea kwa mwingine, au aliyagundua kwa kujaribu.

Kando ya kisanduku hicho utakuta balbu ya kawaida, ile ya zamani yenye uzi ndani, imefungwa katika kishikilio juu ya kipande cha ubao. Mgeni atadhani ni taa ya kumulikia. La hasha. Umeme wa volti 240 kutoka ukutani hupita kwanza katika balbu hiyo ndipo ufike katika televisheni au redio iliyotengenezwa. Ikiwa chombo kina hitilafu ya nyaya kugusana, balbu huwaka kwa ukali wote na kuuchukua umeme wenyewe, na chombo husalimika. Ikiwa chombo ni kizima, balbu humeta mara moja kisha hufifia. Siri yake ni kwamba ukinzani wa uzi wa balbu huongezeka kadiri uzi unavyopata moto. Ndiyo sababu balbu za kisasa za LED haziwezi kazi hii, na ndiyo sababu mafundi huzihifadhi balbu za wati 60 na 100 kama mtu ahifadhivyo mbegu. Kitu ambacho dunia imekiaga kimekuwa hazina mezani.

Zana ndogo ndogo nazo zina hekima yake. Wavu wa shaba uliomo ndani ya waya wa antena ya televisheni, ukivuliwa na kuchovywa katika ulimbo wa msonobari ulioyeyushwa kwa spiriti, hunyonya lehemu ya moto kama utambi unyonyavyo mafuta. Sindano nene ya chuma kisichoshika kutu, ya aina iuzwayo katika maduka ya dawa za mifugo, huvishwa juu ya mguu wa transista wakati lehemu imeyeyuka. Kwa kuwa lehemu haigandi juu ya chuma hicho, mguu huachana na bodi bila ya kung'ang'ania. Sumaku kali za diski ngumu ya kompyuta hushika skrubu zisipotee. Waya mnene wa shaba uliobaki katika ujenzi wa nyumba, ukitiwa vibanio viwili, huwa mkono wa tatu wa kushikilia kazi.

Hata hivyo, kinachonipendeza zaidi ni sindano ya plastiki ya kufumia sweta, iliyochongwa ncha yake ikawa bapa. Hiyo hutumika kugeuza vikoili vidogo vya redio ili sauti ya stesheni ije safi. Mtu asiyejua angetumia bisibisi ya chuma, na angehangaika mchana kutwa. Chuma kikikaribia koili hubadilisha tabia yake. Redio husikika vizuri maadamu bisibisi i papo hapo, na ikiondolewa tu stesheni hupotea. Fundi aliyechonga sindano ya plastiki anaifahamu kanuni ya usumaku barabara, hata kama hajawahi kuisoma kwa jina hilo.

Nayasema haya ili ibainike kwamba hatuzungumzii ubahatishaji. Ni fizikia iliyohamia katika vidole. Wala si jambo jipya katika sehemu hizi. Wahunzi wa Ukambani walisifika tangu kale kwa mikufu ya shaba na chuma iliyosukwa kwa ustadi mkubwa, na Wamunyu ilipata jina kwa uchongaji wa vinyago baada ya Mutisya Munge kurudi na ujuzi huo kutoka katika Vita Vikuu vya Kwanza. Mji wa Machakos umezungukwa na watu waliozoea kuuliza kitu kilichopo kinaweza kuwa nini.

Malighafi ya kazi hii haipungui, bali yazidi. Kenya ilipozima mitambo ya analogia mwaka 2015 na kuhamia televisheni ya dijitali, seti nyingi za zamani zenye kioo kikubwa cha nyuma zilianza safari ya kuelekea stoo, na kutoka stoo kwenda jalalani. Simu na kompyuta zimefuata. Kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024, ulimwengu ulizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na elektroniki mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitishwa kuwa ilikusanywa na kushughulikiwa inavyopasa. Mwaka uo huo wa 2022 Kenya ilipitisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka. Sheria ni jambo jema. Lakini kabla ya sheria hiyo fundi alikuwa tayari anapunguza taka kwa njia iliyo bora kuliko zote, yaani kuzuia kitu kisiwe taka.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji anisikilize kwa makini, kwa sababu suala lililopo si la kusifu mafundi tu. Maarifa haya yana upande unaoua.

Kisanduku kile cha umeme nilichokieleza, kikifunguliwa, ndani yake mna kapasita zenye kubeba zaidi ya volti 300, na chaji hiyo haitoki papo hapo plagi inapochomolewa. Kioo cha televisheni ya zamani huweza kuwa na zaidi ya volti 20,000. Transfoma ya oveni ya maikrowevu, ambayo mafundi hodari huisuka upya kwa waya mnene ili iwe mashine ya kuchomea vibati vya betri, kwa hali yake ya asili hutoa takriban volti 2,000 zenye nguvu ya kumwua mtu bila ya kumpa nafasi ya kupiga kelele. Na kapasita iliyo jirani yake yaweza kuhifadhi mauti hata baada ya umeme kukatwa. Seli za lithiamu zitolewazo katika betri za kompyuta za mkononi huwaka moto zikitobolewa, zikigusanishwa ncha zake au zikichajiwa kupita kiasi. Nyaya zinazochomwa moto ili kupata shaba hutoa moshi wa sumu. Lehemu ya kawaida ina madini ya risasi, na anayeishika kisha akala bila ya kunawa hujilisha sumu kidogo kidogo.

Je, kijana anayejifunza kazi huyajua haya kutoka wapi? Onyo lililobandikwa mgongoni mwa oveni halimsaidii. Kwanza limeandikwa kwa lugha ya kigeni. Lakini hata akiisoma lugha hiyo vizuri, na vijana wetu wengi wanaisoma, onyo lenyewe halikuandikwa kwa ajili yake. Mtengenezaji anamwambia mnunuzi asifungue. Hana neno lolote kwa yule ambaye kazi yake ni kufungua.

Basi kijana hujifunza kwa kutazama. Hiyo ni njia ya kale na yenye heshima. Nusu ya maarifa ya binadamu yamepita humo. Lakini ina upungufu mmoja ambao mwanaisimu hawezi kuunyamazia. Jicho huona mkono unachofanya. Halioni mkono unachoepuka. Mwanagenzi humwona mkubwa wake akiunganisha waya wa kijani na mweusi, naye huiga. Hamwoni akikiacha kisanduku kikae kwanza kabla ya kukifungua, kwa kuwa kusubiri hakuna umbo. Hamwoni akiweka mkono wa kushoto mfukoni anapopima umeme mkali, au akimwona hudhani ni madaha, ilhali mkubwa anauzuia umeme usipate njia ya kupita kifuani kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Kitendo huigwa kwa macho. Katazo huhitaji maneno. Na maneno yasipotunzwa, kitendo husafiri peke yake na kuliacha katazo nyuma, mpaka siku ya msiba.

Ujuzi wa namna hii umewahi kuandikwa kwingineko. Kisiwa cha Kuba kilipoingia katika dhiki kuu baada ya kusambaratika kwa Muungano wa Kisovieti, vipuri havikuonekana, na wananchi walilazimika kugeuza kila kitu kuwa kitu kingine. Mwaka 1992 shirika la uchapishaji la jeshi la nchi hiyo lilitoa kitabu kilichokusanya ubunifu wa watu wenyewe kutoka pembe zote za kisiwa, kwa Kihispania, lugha waliyoizungumza. Mtu aweza kuwa na maoni yake kuhusu siasa za Kuba. Lakini walitambua kwamba akili ya mtu mmoja kijijini ikiandikwa huwa mali ya taifa.

Wala hatuna haja ya kuvuka bahari kutafuta ushahidi. Mashamba ya Machakos, ambayo katika miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliyaandikia kana kwamba yanakufa kwa mmomonyoko, yaliokolewa kwa kiasi kikubwa na matuta. Mkulima huchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu wa mteremko, na polepole shamba hujisawazisha lenyewe. Mbinu hiyo huitwa "fanya juu". Leo ukifungua kitabu cha wataalamu wa hifadhi ya udongo kilichoandikwa kwa Kiingereza, utayakuta maneno hayo mawili ya Kiswahili yamesimama humo bila ya kutafsiriwa. Maana yake nini? Mbinu ya mkulima ilipopewa jina, na jina likaandikwa, ilipata miguu ya kutembea ulimwenguni.

"Jua kali" nalo limetembea. Shirika la Kazi Duniani lilipotoa ripoti yake juu ya Kenya mwaka 1972, liliwaita watu hawa sekta isiyo rasmi. Wao walikuwa na jina lao, na jina lao ndilo lililoshinda: mwaka 1992 serikali iliutoa waraka rasmi wa sera kuhusu biashara ndogo na maendeleo ya jua kali, na mwaka 1996 msomi Kenneth King alichapisha kitabu kizima chenye maneno hayo katika jina lake. Yasikitisha kwamba waraka huo na kitabu hicho viliandikwa kwa Kiingereza. Mengi yameandikwa kuhusu fundi. Machache mno yameandikwa kwa ajili yake.

Najua yatakayosemwa. Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za elektroniki. Dai hili limechakaa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na neno "ukinzani" nililolitumia hapo juu si la kubuni. Pale ambapo istilahi sanifu haijaenea, mafundi wanasema rezista, kapasita, daiodi na transista, na maneno hayo yamekwisha kuvaa kanzu ya Kiswahili na kukubali irabu zetu. Tatizo letu halijawa uhaba wa maneno. Ni uhaba wa watu wenye kuketi na wayasemao.

Wengine watasema kwamba kusifu zana za kuokoteza ni kusifu umaskini, na kwamba fundi anahitaji vifaa vya kisasa wala si pongezi. Hoja hii ina uzito, nami naikubali nusu. Hakuna fundi anayependa sindano ya kufumia kiasi cha kukataa vifaa kamili akipewa, na serikali za kaunti na mashirika ya mikopo yanapaswa kumsaidia avipate. Lakini vifaa vipya havitafuta haja ya maarifa ya zamani. Aliyetengeneza kifaa kwa mikono yake anajua kinafanyaje kazi, kinakosea wapi na kinaua vipi. Aliyenunua anajua swichi ilipo. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Ninapendekeza nini basi? Ni kijitabu tu, kwa Kiswahili sahili, cha bei ambayo mwanagenzi anaweza kuilipa. Kila zana ipewe ukurasa mmoja wenye mambo matatu: jina lake kama mafundi wanavyoliita, jinsi inavyotengenezwa na sababu ya kufanya kazi, na jinsi inavyoweza kumdhuru mtu. Hilo la tatu liandikwe kwa herufi kubwa. Watunzi wake wawe mafundi wenyewe, na majina yao yachapwe jaladani. Sisi wa vyuo vikuu tuwe makarani wao. Mahali ambapo lugha ya kazi ni Kikamba, majina ya Kikamba yaandikwe pia, kwa kuwa fundi wa Masii hamfundishi mpwa wake kwa lugha ya gazeti.

Machakos inafaa kuwa mahali pa kuanzia. Chuo Kikuu cha Machakos, kilichopata hati yake mwaka 2016, kilizaliwa mwaka 2011 kutokana na taasisi iliyokuwa ikifunza ufundi mjini humo. Yaani pale paliponolewa mafundi ndipo sasa wanapofunzwa walimu na wahandisi, na umbali kutoka lango la chuo hadi vibanda vya mafundi si safari ya kumchosha mtu. Mwanafunzi wa isimu atafutaye mada ya tasnifu, na mwanafunzi wa uhandisi atafutaye mradi, wangeweza kwenda pamoja na kuketi katika benchi moja. Katiba ya mwaka 2010 ilikwisha kukifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hatuhitaji ruhusa ya mtu.

Haraka inahitajika, kwa sababu mbili. Wakongwe walioanza na redio za mawe ya tochi wanaondoka mmoja mmoja, na kila anayeondoka huzikwa na kurasa zake. Vilevile vyombo vyenyewe vinabadilika: simu za leo zimegandishwa kwa gundi, na volti ndogo za redio ya zamani zimepisha betri zinazolipuka. Kijana anayeanza kazi mwaka huu anaingia katika hatari ambazo hata mkubwa wake hakukulia ndani yake. Anahitaji kuambiwa, na wa kumwambia bado wapo. Mwenye kalamu na aichukue, aende akawasikilize.